Tuzo Ukutani, Moshi Jikoni



Ni jambo jema mwanafunzi kuulizwa swali ambalo hata mwalimu wake hana jibu lake. Anapotakiwa kufikiri juu ya nishati jadidifu, yaani ile itokayo katika jua, upepo, maji, samadi na mabaki ya mimea, mwanafunzi huyo anatakiwa kufikiri juu ya jambo linaloigusa nyumba yao tangu alfajiri hadi usiku. Hilo silipingi. Ninalolipinga ni namna mashindano ya jambo hili yanavyoendeshwa mashuleni, na ninalipinga waziwazi kwa sababu makofi yamekuwa mengi kuliko maswali.

Hebu tutazame kinachofanyika. Asubuhi mtoto wa kike anatoka nyumbani na mzigo wa kuni kichwani, kwa kuwa katika shule nyingi za Kanda ya Ziwa kuni za jiko la shule huletwa na wanafunzi wenyewe. Saa nne anasimama mbele ya mgeni rasmi, kando ya kielelezo cha boksi kilichopakwa rangi: kinu cha upepo kinachozungushwa na mota ya redio mbovu, na kipande cha paneli kilichoazimwa dukani. Anaeleza, kwa Kiingereza alichokikariri wiki mbili, kwamba nguvu ya jua itaokoa misitu. Mgeni rasmi anapiga makofi. Saa saba mchana mtoto huyo anapanga foleni ya makande yaliyochemshwa juu ya mafiga kwa kuni zile zile alizozibeba. Kielelezo kinapelekwa stoo. Cheti kinatundikwa katika ofisi ya mkuu wa shule, mahali ambapo moshi wa jikoni haufiki.

Hakuna anayeona ajabu. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko upotevu wa boksi na rangi. Tunamzoesha mtoto kusema maneno ya kweli katika mazingira yanayoyafanya kuwa uongo. Seminarini tulifundishwa kutofautisha ishara na kitu kinachoashiriwa. Ishara isiyoelekeza popote si ishara tena, ni pambo. Kielelezo cha jiko katika shule isiyokusudia kujenga jiko ni pambo.

MASHINDANO YALIVYOZALIWA

Haifai kuhukumu jambo bila kujua lilikotoka. Mashindano ya namna hii, kwa sura tunayoijua, yana baba zake wengi, na mmoja wao alikuwa padre. Mwaka 1963 Padre Tom Burke, Mkarmeli na mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dublin, alikuwa Marekani katika jimbo la New Mexico, akaona maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Aliporudi Ireland yeye na mwenzake Tony Scott walianzisha maonyesho yao, na mwaka 1965 yakafanyika kwa mara ya kwanza mjini Dublin, yakiwa na washiriki wapatao 230. Sababu yao ilikuwa rahisi kueleweka: mwanafunzi atoke katika kukariri, aende nje ya darasa, apime kitu mwenyewe, arudi na jibu. Mti huo wa Ireland ndio uliochipua kwetu mwaka 2011, ulipoanzishwa mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania, unaojulikana zaidi kwa herufi za YST, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Washindi wake wamepata vikombe, fedha, safari ya kwenda Dublin, na wengine ufadhili wa masomo ya chuo kikuu.

Serikali nayo ilianza yake. Mwaka 2019 Wizara ya Elimu, pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilizindua Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU. Sifa moja ya MAKISATU naipenda kwa dhati: yaliwafungulia mlango hata mafundi wa mitaani, watu wasio na cheti chochote ila wana mikono inayojua kazi.

Basi sina ugomvi na waanzilishi hao. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachobaki baada ya wazo zuri kushuka kutoka Dar es Salaam na Dodoma, likapita mkoani, likapita wilayani, na kufika katika shule isiyo na maabara. Kinachofika ni barua yenye tarehe ya mwisho. Mkuu wa shule huwateua watoto watatu wanaojua Kiingereza, mwalimu wa fizikia huchagua mada kutoka kitabuni, na wanafunzi mia tano waliobaki hawahusiki tena. Mashindano yaliyokusudiwa kumtoa mtoto katika kukariri yamegeuka somo jingine la kukariri. Nasi wazazi na walezi tunaridhika, kwa kuwa tumezoea kuyapima mashindano kama tunavyoipima UMISSETA: nani kaenda kanda, nani kaenda taifa, nani kaishia wilayani. Lakini mbio za mita mia zikiisha zimeisha, hazimdai mtu kitu. Swali la nishati haliishi kwa filimbi.

Majirani zetu wawili watusaidie hapa, mmoja wa Kenya na mmoja wa Malawi.

Huko Kenya, mwaka 2017, shule ya wasichana ya Starehe ilishinda upande wa Afrika katika tuzo ya shule za sekondari inayotolewa Abu Dhabi kwa jina la Sheikh Zayed. Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 2008 na nchi iliyotajirika kwa mafuta ya petroli, na msomaji atafikiri apendavyo juu ya mwenye kisima cha mafuta anayetuza jua. Ila sharti lake moja linatufaa: shule haishindi kwa kielelezo, inashinda kwa mpango wa jambo itakalolijenga, na fedha, ambazo mwaka 2017 zilifika hadi dola 100,000, hupewa shule ili ilijenge. Hapati mtu zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Kinachotuzwa ni kazi ambayo haijafanyika, na mshindi anabaki na deni la kuifanya.

Kule Malawi, William Kamkwamba hakuwa mwanafunzi wa mashindano yoyote. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliwakuta wazazi wake bila karo, akaachishwa shule akiwa na miaka kumi na minne. Alichokuwa nacho ni maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini, yenye kitabu cha nishati, pamoja na jalala la vyuma. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na miti ya mkaratusi akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Dunia ilimsikia akizungumza katika mkutano uliofanyika hapa hapa Tanzania, mjini Arusha, mwaka 2007. Watu wengi humtaja kijana huyu kama ushahidi kwamba kipaji hakizuiliki. Mimi nasoma kisa chake kwa upande mwingine. Shule ilimfungia mlango, na kilichomwokoa ni kabati la vitabu lililokuwa wazi kwa asiye na karo. Angekuwa kwetu mwaka ule, je, jina lake lingekuwa katika orodha ya watatu walioteuliwa?

MASWALI YALIYOLALA UANI KWETU

Sasa nirudi Nyalikungu, kwa maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Nitasema kwa mifano, ili mtu asije akadhani napiga kelele bila kuwa na kitu mkononi.

Sisi ni watu wa pamba. Kila mwaka baada ya mavuno mkulima huagizwa ang'oe mabua ya pamba na kuyachoma, ili wadudu wasipate makao ya kuvukia msimu. Agizo hilo lina sababu yake na silikebehi. Lakini tazameni tunachokifanya: mwezi ule ule moshi unapopanda kutoka mashambani, mama na binti yake wanatembea kutafuta kuni. Bua la pamba ni mti. Kilo kwa kilo, joto lake halipishani sana na kuni za kawaida. Linaungua upesi kwa kuwa ni jembamba, na haliwezi kulundikwa nyumbani kama kuni kwa sababu wadudu wanaoogopwa wamo ndani yake. Vizuri. Je, likichomwa katika pipa lililozibwa hewa likawa makaa, kisha likasagwa na kufinyangwa kuwa mkaa mbadala, wadudu watabaki? Kwa akili ya kawaida hawatabaki. Mabua ya ekari moja yatatoa debe ngapi za mkaa? Udongo gani wa kwetu utaushika vizuri usimeguke? Unga wa muhogo unahitajika kiasi gani, na je, ni halali kuutumia mwaka wa njaa? Hilo ndilo swali la mashindano. Mtoto wa Maswa anaweza kulijibu vizuri kuliko mtoto wa Dar es Salaam, na vizuri kuliko profesa, kwa kuwa mabua yako nyuma ya nyumba yao.

Sisi ni watu wa ng'ombe pia. Bayogesi si ngeni katika nchi hii: SIDO ilianza kuijaribu katika miaka ya 1970, CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanzishwa mpango wa taifa wa kuwajengea wafugaji mitambo ya nyumbani. Hesabu yake ya msingi inafahamika: kilo zipatazo 25 za kinyesi kibichi hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi. Hapo ndipo vielelezo vingi vya mashindano huishia, pamoja na mchoro wa tangi na mshale. Mtu anayeishi hapa angeendelea kuuliza. Kinyesi hicho huchanganywa na maji kwa kiasi kinacholingana nacho, na sisi wakati wa kiangazi tunajua maji yanavyopatikana. Tena ng'ombe wa Msukuma halali zizini mchana kutwa. Anatembea, na samadi yake inabaki njiani. Je, mtambo wa shule ulishwe na zizi la nani? Samadi iliyotoka katika mtambo, ambayo ni mbolea bora, iende shamba la nani? Hayo si maswali ya fizikia peke yake. Ni maswali ya haki kati ya mwenye ng'ombe mia mbili na asiye na ndama, na tume yetu hii inayahusu.

Na jua? Mtu asiyekuwa mwenyeji atacheka akiambiwa kwamba kwetu Maswa, Sola lilikuwa jina la kata na la bwawa tunalotegemea kwa maji kabla halijawa jina la paneli juu ya bati. Mwaka 2023 TANESCO ilisaini mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa jua katika wilaya jirani ya Kishapu, kilichopangwa kufikia megawati 150, megawati 50 zikitangulia. Bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji nalo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nyaya za REA zimepita vijijini. Kwa nini basi umeme huo, ukifika shuleni, unaishia kwenye taa na kuchaji simu za walimu? Je, sufuria kubwa ya umeme yenye mfuniko wa kubana mvuke ingepika makande kwa uniti ngapi, na uniti hizo zingegharimu shilingi ngapi ukilinganisha na kuni zinazobebwa bure? Nasema bure kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo udanganyifu ulipojificha. Kuni za mwanafunzi zinaonekana hazina bei kwa sababu anayezilipa ni mtoto wa kike, kwa shingo yake na kwa saa zake za kusoma. Zikihesabiwa kwa bei ya gari la kuni linaloingia mjini Maswa, bodi nyingi zingeshtuka.

Upo mfano mkubwa zaidi ya yote, nao ni wa wazee wetu. Nchi hii ilifyekwa miti kwa miongo mingi: ilifyekwa kwa kuwafukuza mbung'o enzi za mkoloni, ikafyekwa kwa kupanua mashamba ya pamba, na baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wakahamishwa mbali na maeneo waliyoyatunza. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Maswa, Bariadi na Meatu, ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere aliutembelea mwaka 1984 na kusikitishwa na alichokiona. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni wataalamu walihimiza vitalu na miche. Kilichofaulu zaidi, hata hivyo, ni kile ambacho Msukuma alikuwa nacho siku zote: ngitili, yaani eneo linalofungwa ili majani na miti vijiotee vyenyewe, likilindwa na sheria za wazee na dagashida. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Kaya nyingi zikaona safari ya kuni imefupika.

Wapendwa, hayo ni mafanikio ya nishati jadidifu ambayo nchi nyingi zingetamani kuyasimulia, na yamefanywa na bibi na babu za watoto hao hao tunaowapa boksi na rangi. Ni mwanafunzi gani aliyetumwa kwa babu yake kuuliza ngitili ya ukoo ilifungwa lini, na nani alitozwa faini kwa kuivunja? Hawakuanza kwa maonyesho. Walianza kwa kufunga eneo. Mtoto aliyeandika hayo daftarini, kwa Kisukuma au Kiswahili, amefanya sayansi. Yule aliyenakili mchoro wa kinu cha upepo cha Denmark amefanya mwandiko.

WANAONIPINGA

Najua nitajibiwa, na majibu mengine yana uzito.

Wapo wanaosema: Padre, unataka kuwarudisha watoto jikoni wakati sisi tunataka wawe wahandisi. Jibu langu ni kwamba mhandisi asiyeweza kueleza kwa nini jiko la shule yake linatoa moshi atakuwa mhandisi wa namna gani? Sehemu ndogo tu ya joto la mafiga huingia chunguni. Nyingi hupeperuka pembeni. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe kabla ya kuchemsha ya mwingine. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva mapema kuliko yaliyotiwa makavu. Haya yote yanapimika kwa saa na mizani, bila maabara, na kila moja ni fizikia au kemia ya kidato. Tena mwalimu wa mapishi katika jambo hili ni mpishi wa shule, mama ambaye hajawahi kuitwa kuwa jaji wa mashindano yoyote ingawa ndiye pekee aliyevuta moshi huo miaka kumi na mitano.

Wapo wanaosema kwamba Serikali imeshalimaliza jambo. Ni kweli kwamba baada ya mkutano wa nishati safi ya kupikia uliofanyika Dar es Salaam Novemba 2022, taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa, na tarehe za mwisho ziliangukia mwanzoni mwa miaka ya 2024 na 2025. Ni kweli pia kwamba Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Asiyetaka kuukomesha hana hoja. Ila agizo halipiki. Katika shule nyingi tarehe zimepita na mafiga yako palepale. Na pale agizo linapotekelezwa, mara nyingi linatekelezwa kwa mtungi wa gesi. Gesi ya mitungi ni safi jikoni, siibezi, lakini si nishati jadidifu, inaletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na mtungi wa kwanza wa bure hufuatwa na mtungi wa pili wa kununua. Shule isiyo na fedha za mtungi wa pili inarudi kuwatuma watoto porini, safari hii kwa siri.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu hutolewa na watu wema. Wanasema: hata kama ni maonyesho tu, angalau watoto watatu wameona Dodoma, wamelala hotelini, wamejiamini. Sikatai kwamba wamejiamini. Naomba tu tuwakumbuke mia tano. Walichojifunza siku ile ni kwamba maswali makubwa ya nchi yao ni ya wateule wachache wenye Kiingereza, na kwamba wao kazi yao ni kubeba kuni na kupiga makofi. Somo hilo hukaa miaka mingi kuliko cheti. Nimewahi kumuuliza kijana mmoja wa kidato cha tatu, katika shule ambayo sitaitaja, mradi wa shule yao wa nishati ulihusu nini. Akanijibu kwa adabu: "Padre, ule ni wa wale wa maabara."

Yanipasa niseme pia neno juu ya nyumba yetu wenyewe, ili tusionekane tunalenga wengine. Shule za Kanisa, seminari ndogo, vituo vya mafungo na majiko ya parokia hupika kwa kuni kama wengine, na siku ya jubilei au upadrisho tunapika kwa malori. Barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja imesomwa na kujadiliwa katika semina nyingi, na wajumbe wa semina hizo wamekula chakula cha mchana kilichopikwa juu ya mafiga nyuma ya ukumbi. Bodi za shule zetu hazihitaji kibali cha wizara ili kubadili jiko moja.

Ninachodai ni hiki. Mwaliko mwingine wa mashindano utakapofika, mjumbe wa bodi aliye mwamini asiulize nani atakwenda; aulize tunapika kwa nini, na swali hilo liwe mada ya shule nzima, kidato cha kwanza hadi cha mwisho, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye. Mpishi awe miongoni mwa waamuzi. Fedha ambazo wazazi huchangishwa kwa sare na nauli za watatu zigawanywe, nusu ijenge jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi, hata kama ni moja na dogo. Shule ikishinda, zawadi ya shule isiwe kikombe. Tuwaandikie waandaaji, kwa heshima na kwa majina yetu, tukiomba kwamba kila mradi unaoshindanishwa urudiwe kukaguliwa baada ya mwaka mmoja, shuleni ulikotoka, na kwamba alama zitolewe siku hiyo. Barua ya namna hiyo ikisainiwa na wenyeviti wa halmashauri za walei za dekania nzima haiwezi kutupwa kirahisi.

Na kabla ya barua, kuna kazi ya wiki moja. Hatuwezi kubishana na bodi juu ya kuni ambazo hakuna aliyezipima. Kila kijiji chenye chama cha ushirika cha pamba kina mizani. Msimu wa ununuzi ukiisha mizani hiyo hukaa ghalani bila kazi. Viongozi wa jumuiya wakamwombe katibu wa AMCOS awaazime kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, iwekwe mlangoni pa shule asubuhi. Kila mzigo unaoingia upimwe, na mwanafunzi mmoja aandike: kilo ngapi, zimetoka wapi, aliyezibeba ni msichana au mvulana, aliondoka nyumbani saa ngapi. Ijumaa jioni hesabu ijumlishwe na kubandikwa ukutani, pale vinapotundikwa vyeti.